Shangazi Kwenye Kiti cha Katikati

Kuwait, 8 Februari 1965

Wifi yangu Tafida,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa ndugu yako Hilmi, ambaye asubuhi anafundisha hesabu, jioni anasahihisha madaftari, na katikati ananiuliza soksi zake ziko wapi. Sisi wazima.

Sasa sikiliza. Kauthar ni binti yangu wa pekee. Nimemwacha hapo Iskandaria mikononi mwako amalize chuo cha ualimu, na huyu mchumba wake Wagdi, karani wa idara ya maji, nimemwona mara mbili tu: siku ya posa na siku ya kuvishana pete. Mara zote mbili alinyamaza na kutoka jasho. Mwanamume anayenyamaza mbele ya wakwe huenda ana adabu, huenda ni mjinga, na huenda ni nyoka. Tutarudi likizo mwezi wa sita, na hapo ama tunafunga ndoa ama tunarudisha pete. Nataka kujua mapema ni lipi.

Ameomba kumpeleka Kauthar sinema siku za Ijumaa, onyesho la saa tisa alasiri. Hilmi amekubali kwa sharti unalolijua: wewe ukae kiti cha katikati. Wifi, usiangalie filamu, mwangalie yeye. Sebuleni mtu hujitengeneza, lakini gizani hujisahau. Niandikie kila unachokiona, kibaya kabla ya kizuri.

Barua zangu asikusomee Kauthar, wala asikuandikie majibu. Msichana hawezi kuandika ubaya wa mchumba wake. Nenda kwa yule mzee anayewaandikia watu barua mbele ya mahakama. Na uniambie kama masikio yake ni makubwa kweli kama sinia mbili, au siku ile kinyozi ndiye aliyemwonea.

Wifi yako,
Inshirah


Iskandaria, 20 Februari 1965

Wifi Inshirah,

Mwandishi nimempata. Ana hati nzuri na hana mapambo ya bure. Mimi nasema, yeye anaandika. Nikimaliza sitaki hata anisomee, maana niliyoyasema nayajua mwenyewe.

Jana tulikwenda. Mara yangu ya mwisho kuingia sinema ilikuwa na marehemu mume wangu, wakati huo filamu zilikuwa bado hazijajua kusema. Siku hizi zinasema mno.

Hii ilikuwa ya mwimbaji maskini mwenye kifua kikuu anayempenda binti wa pasha, bwana mkubwa wa serikali. Anakohoa damu kwenye leso, halafu anasimama chini ya dirisha anaimba robo saa bila kuvuta pumzi. Mimi kifua kikinibana siwezi hata kumwita muuza maziwa! Binti naye anamwandikia barua, na mjomba wake, mtu mmoja ana masharubu kama mkia wa panya, anaziiba zote na kuzificha chini ya mto wa kulalia. Nikamwambia binti, "Chini ya mto, mwanangu! Inua mto!" Hasikii. Sinema nzima imenisikia, hata muuza soda mlangoni kanisikia, yeye tu ndiye hasikii. Ndipo mjomba alipokuja mbele akacheka, ule mdomo wake umejaa pazia zima, nikamrushia kiatu.

Filamu ni nzuri lakini ina uongo. Hakuna binti wa pasha anayelala kitanda kisichotandikwa upya hata siku moja. Mjakazi angeziona barua asubuhi ya kwanza.

Mchumba: masikio ni makubwa, kinyozi hana kosa. Shati lilikuwa safi, kola imechakaa. Alinunua mbegu za maboga, na nusu alizila mwenyewe. Katikati ya filamu alitoka nje, akakaa huko karibu nusu saa.

Basi.

Tafida


Kuwait, 2 Machi 1965

Wifi Tafida,

Nusu saa! Na wewe unasema "basi"! Nusu saa mtu anakwenda wapi? Sigara ni dakika tano. Choo ni dakika tano, na akiwa ameharisha, kumi. Zinabaki dakika ishirini, na mimi nataka kujua dakika ishirini hizo zinaitwa nani. Nilikutuma umwangalie kijana, wewe umemwangalia mjomba wa kwenye pazia. Kama si kumrushia kiatu mtu wa picha, ungeona ngamia yule anakwenda kunywa maji kisima gani.

Hizo habari za filamu niondolee. Sina haja nazo. (Lakini yule binti hatimaye aliinua mto? Nilimsimulia Hilmi, akacheka, halafu katikati ya chakula akauliza, "Kwani aliinua?")

Ijumaa ijayo ukitazama filamu, wifi, tazama kwa jicho moja.

Inshirah


Iskandaria, 13 Machi 1965

Wifi Inshirah,

Hakuinua. Aliolewa na jaji, na mwimbaji akafa siku ya harusi, akiimba. Nilikwambia ni uongo.

Jana ilikuwa filamu ya Kihindi. Urefu wake saa tatu! Ndugu wawili wanapotezana utotoni katika mafuriko, mmoja anakuwa polisi, mwingine mwizi. Mama yao amepofuka kwa kulia. Polisi anamkimbiza mwizi filamu nzima, na wote wawili wana baka jeusi begani, nasi sote tumeliona, isipokuwa wao. Ingekuwa Iskandaria yetu hii, mama mmoja wa mtaani angewavua mashati siku ya kwanza na mambo yakaisha. Na kila kijana na msichana wakikaribiana, mvua inanyesha, wanakimbilia nyuma ya mti na kuimba. Miti ya kule ina kazi ngumu. Mwisho mama kipofu anamgusa mwanawe baka na macho yanafunguka. Nililia hadi kitambaa cha kichwa kikalowa. Hapo hakuna uongo wowote.

Mchumba: aliongea tangu filamu inaanza hadi taa zinawashwa, saa tatu nzima, hakufunga mdomo. Watu wa safu za nyuma wakawa wanampigia kelele. Kauthar hakumwambia hata neno moja. Tulipotoka sauti yake ilikuwa imekauka, na chai alikunywa vikombe vitatu kwa sukari yangu.

Basi.

Tafida


Kuwait, 24 Machi 1965

Wifi Tafida,

Nikisoma barua zako ni kama mtu amezikata mwishoni kwa mkasi. "Basi"! Basi nini?

Mbele ya wakwe bubu, sinemani kasuku. Mtu anayeongea saa tatu mfululizo huku watu wanamzomea, nyumbani ataongea miaka mingapi? Na binti yangu amekaa kimya, hata neno hamjibu. Namjua Kauthar. Akinyamaza amekata tamaa. Sitaki aozeshwe kwa ajili ya pete na soni ya majirani, kisha miaka thelathini awe anaongea na ukuta. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi, si masikio.

Bado filamu moja, ya sikukuu. Ukiona jambo la tatu la namna hii, pete inarudi kwao, na mimi mwenyewe nitamweleza Hilmi. Dalili ya mvua ni mawingu.

(Mama kipofu alianza kumgusa nani, polisi au mwizi? Hilmi ameshikilia kuwa ni mwizi. Jirani yetu Mpalestina anasema polisi. Jana hapa palikuwa na kelele.)

Inshirah


Iskandaria, 17 Aprili 1965

Wifi Inshirah,

Sikukuu njema, na nyama mliyokula iwe afya. Mwambie Hilmi ni mwizi. Polisi alikuwa na koti.

Filamu ya sikukuu ilikuwa ya kuchekesha. Mwanamume anamkimbia mama mkwe wake, anajificha hospitali amevaa nguo za muuguzi wa kike. Mama mkwe anaugua kweli, analetwa hospitali hiyohiyo, na muuguzi wake ni nani? Ni yeye! Nilicheka hadi kishikizo cha gauni kikaruka kikampiga mzee wa mbele. Alipomchoma sindano sinema nzima ilisimama na kupiga makofi. Lakini yule mama mkwe wametia chumvi. Mama wakwe hawako hivyo, wa kuamrisha, kushuku kila kitu, kutaka kujua hata mtu amekaa chooni dakika ngapi. Nimemjua mmoja tu wa hivyo, na nampenda.

Mchumba: safari hii hakukaa nasi kabisa. Alikaa mbele peke yake, kwenye benchi la karibu na mlango wa choo, na mara moja tu aligeuka kututazama. Sisi tulikaa na mwanamke mmoja mwenye watoto pacha. Kutoka hapo Wagdi alikuwa ameinamisha shingo upande kama kuku aliyenyeshewa, na hakusema kitu njia nzima.

Uliniagiza kibaya kabla ya kizuri. Kibaya ndicho hicho.

Basi.

Tafida


Kuwait, 3 Mei 1965

Kauthar mwanangu,

Barua hii ni yako, isome peke yako na ukae kitini kwanza.

Juzi baba yako amepokea barua ya Wagdi ya kuomba tupange siku ya kufunga ndoa. Barua ya heshima, haina kosa. Baba yako akaiweka mezani karibu na za shangazi yako, nami nikaziangalia, na chai ikanipalia. Hati ni moja! Herufi "kaf" ileile yenye mkia, nukta zilezile. Yule "mwandishi asiye na mapambo" ni Wagdi!

Basi kesi ya nyani tumempelekea ngedere. Miezi mitatu nauliza habari za kijana, na anayenijibu ni yeye mwenyewe, kwa mkono wake, akimtumia shangazi yako asiyejua kusoma kama dirisha la kuchungulia nyumba yangu. Ameandika alichotaka. Mwamba ngoma huvutia kwake, mwanangu, hakuna aliyewahi kuiwamba akavutia kwa jirani. Kama yale mabaya ndiyo aliyoyakubali, aliyoyaficha ni makubwa kiasi gani?

Baba yako anasema tusubiri. Mimi sisubiri. Mwalimu Shukri wa shule ya baba yako anasafiri kesho kuja huko, nimempa barua zote tatu. Msomee shangazi yako neno kwa neno, Wagdi asiwepo, akuambie ni wapi amebadilisha. Likipatikana hata neno moja la uongo, vua pete siku hiyohiyo. Ninajua itauma. Lakini bora iume sasa.

Mama yako,
Inshirah


Iskandaria, 14 Mei 1965

Mama mpendwa,

Nakubusu mikono, na naomba na wewe ukae kitini kwanza.

Nilimwuliza shangazi kwa nini alimchagua Wagdi. Hakuona haya hata kidogo. "Yule mzee wa mahakamani," alisema, "ukimwambia mtu ana homa, anaandika amekufa, na jioni mtaa mzima unajua. Wewe ungemfanya malaika. Nikamwambia Wagdi: kijana, nimetumwa nikuchunguze, kaa hapo, shika kalamu. Akutukanaye hakuchagulii tusi, na wewe hutachagua la kuandika. Akakaa."

Na barua zako, mama, ni yeye aliyemsomea. Zote. Sinia mbili alizisoma. Ngamia alimsoma. Shangazi anasema penye kuharisha alikunywa maji, akaendelea.

Basi tukafunga mlango, nikasoma. Kila sentensi shangazi anatikisa kichwa: "Nilisema. Nilisema. Kola, ndiyo nilisema. Mbegu za maboga, nilisema." Hakuna alilobadilisha, mama. Hata kuku aliyenyeshewa ameandikwa vilevile. Nilianza kucheka, nikafika pale "akakaa huko karibu nusu saa. Basi."

Shangazi akasema, "Endelea."

Nikamwambia, "Imeishia hapo."

"Imeishia vipi? Bado kiatu!"

Mama, kile kiatu alichorusha kilimpata mtu safu ya tatu, afisa wa forodha. Meneja akaja na tochi anauliza ni nani. Wagdi akasimama akasema, "Ni mimi." Akachukuliwa ofisini na kiatu cha kike mkononi, akakaripiwa nusu saa, akaapa hatarudia, akarudi akamvisha shangazi kiatu gizani bila kusema neno. Shangazi alimwamuru aandike hayo yote, na akaongeza kuwa marehemu mume wake asingefanya hivyo. Hayamo.

Filamu ya Kihindi nayo nilikuwepo, naweza kuapa. Maandishi yanapita chini ya picha, na shangazi hasomi. Wagdi alimsomea kila mstari. Baada ya dakika kumi watu wa nyuma, wasiojua kusoma kama shangazi, wakaanza kumpigia kelele: "Ustadhi, pandisha sauti! Mwizi kasema nini?" Akawasomea safu nne nzima saa tatu, polisi kwa sauti nene na mama kipofu kwa sauti nyembamba. Alipofika kwa mama kipofu alikuwa analia na bado anasoma. Mimi sikumwambia neno kwa sababu sikutaka kumkatiza. Sijawahi kukaa kimya kwa furaha kama siku ile. Shangazi alisema aandike hilo. Halimo.

Na siku ya sikukuu, kiti chake alimpa yule mama wa pacha aliyekuwa amesimama ukutani. Hilo nalo halimo.

Shangazi akapiga paja. "Mimi sijui kusoma barua," akasema, "lakini kalamu nilikuwa naitazama. Nikimsema vibaya ilikuwa inakimbia. Nikimsifu ilikuwa inasimama. Nikadhani anatafuta maneno mazuri!"

Mama, ulisema likipatikana neno moja la uongo nivue pete. Nimetafuta. Uongo upo, ameiba maneno matatu, na yote matatu ni sifa zake. Uliniambia hakuna aliyewahi kuiwamba ngoma akavutia kwa jirani. Pete bado iko kidoleni. Nampenda, na nilikuwa naogopa kukwambia, maana nilijua unaniandalia huzuni isiyo yangu. Niambie nifanye nini.

Binti yako,
Kauthar


Kuwait, 25 Mei 1965

Bwana Wagdi,

Mimi ndiye yule mama mkwe wa kwenye filamu.

Nimekuita ngamia na umesoma kwa sauti. Nimehesabu dakika zako za chooni na umesoma kwa sauti. Nimetafuta neno la kukuomba radhi, sikulipata, basi sema umelipokea.

Tunafika tarehe kumi na nne Juni kwa meli. Ndoa ifungwe Ijumaa ya tarehe kumi na nane, asubuhi, kwa sababu saa tisa alasiri mimi na Hilmi tunataka kwenda sinema na tunahitaji mtu wa kutuonyesha viti vizuri. Tafida akae popote anapotaka. Katikati hapahitajiki mtu tena.

Nina sharti moja. Binti yangu akitenda jema nyumbani kwako, liandike lote, usikate mwisho. Ya kwako nakuachia uyakate utakavyo, sisi tumeshajua pa kuuliza.

Mama yako kuanzia leo,
Inshirah


Iskandaria, 5 Juni 1965

Wifi Inshirah,

Mwandishi ni yuleyule, na safari hii ameketi kama mshitakiwa. Nimemwambia kila nikimaliza sentensi anionyeshe kwa kidole ilipo.

Jana tulikwenda tena. Filamu ya vita, mizinga mingi, na jemadari mmoja anakufa dakika arobaini huku akitoa nasaha. Mtu mwenye risasi tumboni hana nafasi ya nasaha. Kiatu changu kilikuwa kimefungwa kwa utepe, ni Kauthar aliyekifunga.

Uchakavu wa kola umekwisha, Kauthar ameigeuza. Mbegu za maboga bado anakula nusu. Masikio hayajapungua.

Sasa Wagdi, andika hili, na usitazame dari: mimi Tafida nimekaa kati ya watu wengi katika maisha yangu, na sijakaa karibu na mtu mwema kama huyu.

Ameandika. Ameonyesha kwa kidole. Basi, njooni salama.

Tafida

*Mama, ni mimi Kauthar. Mwandiko unaona umebadilika pale kwenye "Sasa Wagdi". Kidole alichomwonyesha shangazi kilikuwa juu ya neno "masikio". Sentensi ile aliiruka, nami nimeiandika katika nafasi aliyoiacha. Kuanzia tarehe kumi na nane hiyo ndiyo itakuwa kazi yangu.*